Tumbo la Watiri na Neno la Guka

Tumbo la Watiri lilianza kukaza siku ile ile barua ya chifu ilipofika. Kabla ya hapo lilikuwa tumbo kama la mtu mwingine yeyote. Lilikula githeri likanyamaza. Barua ilisema kwamba Jumatano ya mwisho wa mwezi uliofuata wazee wa ukoo wangeketi uwanjani kwa chifu kugawa shamba la marehemu Ngatia kati ya nyumba ya Theuri na nyumba ya marehemu Muchiri. Ikasema pia kwamba Watiri, binti wa Muchiri, afike bila kukosa, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyesikia neno la mwisho la mzee.

Shida ni kwamba Watiri hakulikumbuka neno lenyewe.

Ngatia alikuwa guka wake, baba wa baba yake. Katika miteremko ile ya Othaya neno la mwisho la mzee si kitu cha kuchezewa. Mtu anaweza kuivunja sheria ya serikali akalala vizuri, lakini akilivunja neno la baba yake la kufia, watu wataanza kumhesabia ng'ombe wanaokufa na watoto wanaoanguka mtihani. Kwa hiyo wazee walikuwa wameshaamua: likipatikana neno la Ngatia, hakuna kupima wala kubishana. Lifuatwe.

Guka alipokufa Watiri alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, likizo ya Agosti. Macho ya guka yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, na hakuwa akienda popote bila kuweka mkono juu ya bega la mjukuu. Alasiri moja walishuka hadi upande wa chini wa shamba, karibu na kijito. Guka akasimama. Akainua fimbo, akaelekeza huku na huku, akasema maneno mengi kwa sauti ya taratibu. Usiku huo alipigwa na kiharusi, mdomo ukapinda, na siku ya tatu akafa bila kutamka kitu kingine.

Alichobaki nacho Watiri ni kiatu. Soli ya kiatu cha kushoto ilikuwa imeachana, na guka alipokuwa akisema, yeye alikuwa ameibana kwa vidole vya mguu isibaki matopeni, akiwaza jinsi mama atakavyomgombeza. Sauti ya guka ilimpita juu ya kichwa kama redio ya jirani. Baada ya mazishi walimuuliza mzee alisema nini, akalia, akasema alizungumza habari za shamba. Wakamwacha. Siku hizo Theuri na Muchiri walikuwa bado wanakula sahani moja, na hakuna aliyeona haja ya kumkamua mtoto.

Muchiri alipofariki, miaka minne iliyopita, ndipo kaka yake Theuri alipoanza kusema kwamba upande wa chini, ule wenye chai, alipewa yeye kwa kinywa cha baba. Nyawira, mama yake Watiri, akasema kinywa hicho kilisema kinyume. Hakuna kati yao aliyekuwepo. Aliyekuwepo alikuwa msichana mwenye haya ambaye hata dukani alinong'ona akiagiza chumvi, na sasa kila akiiwaza Jumatano ile tumbo lilijifunga fundo, akakimbilia choo, akatoka huko amelowa jasho, na baada ya nusu saa akarudi tena.

Hospitalini walimpima damu, wakampima choo, wakamtia mpira wenye taa tumboni. Hawakuona kidonda. Daktari, kijana mpole, alimwambia kwamba utumbo wake ulikuwa mzima, ila ulikuwa umeingiwa na woga na sasa ulishtuka kwa kila kitu, kama ng'ombe aliyewahi kupigwa radi. Dawa zingesaidia kidogo. Lakini kulikuwa na muuguzi mmoja Nyeri mjini, mtaa wa Majengo, aliyesomea kutibu kwa njia ya hipnosisi, na watu wenye matumbo ya namna hiyo walirudi kutoka kwake wakiwa na nafuu.

Habari zilitangulia kufika kanisani. Mama mmoja alimwonya Nyawira kwamba mwanawe atalazwa usingizi na kurudishwa akiwa na jini ndani ya kibeti. Nyawira akamjibu kwamba kama jini lenyewe lina kumbukumbu nzuri, yaje hata mawili.

Hakuwa anatania kabisa. Alikuwa amesikia redioni, katika kipindi cha mchana, kwamba mtu akilazwa kwa hipnosisi hutoa hata mambo aliyoyasahau tangu utotoni. Kuanzia siku hiyo aliacha kumwambia bintiye anywe maji ya mwarobaini. Akaanza kutafuta nauli ya Nyeri.

Muuguzi aliitwa Ilhan. Alizaliwa Nanyuki, baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, na aliongea Kikuyu cha sokoni kilichomfanya Nyawira acheke kabla hajaketi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, kina kitanda, viti vitatu na pazia la kijani. Alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye wodi ya walioungua. Huko ndiko alikojifunzia kazi hii, alisema, kwa sababu mtu aliyeungua anabadilishwa bandeji kila siku, na dawa za maumivu zina kikomo.

Watiri aliangalia sakafu. Ilhan hakumlazimisha kuinua macho. Alimuuliza anafanya kazi gani.

"Nachuma chai."

"Ukichuma, mikono yako inafikiria?"

Watiri alilitafakari jambo hilo. "Hapana. Inachuma tu. Majani mawili na chipukizi."

"Na wewe uko wapi wakati huo?"

"Mbali," Watiri alisema, akaona aibu.

"Na ukiona kinyonga juu ya jani?"

"Huyo?" Nyawira alidakia. "Huyo anaruka mistari mitatu na kikapu mgongoni."

Ilhan akacheka, akasema basi, kazi yake ndiyo hiyo, na Watiri alikuwa ameifanya peke yake tangu utotoni. Si usingizi. Ni ile hali ya akili kukusanyika mahali pamoja na kuyaacha mengine yapite pembeni. Aliye katika hali hiyo husikia kila kitu, na akiona kinyonga huruka. Hakuna anayeweza kumtuma kuiba wala kumtoa siri asiyotaka kuitoa. Kinachobadilika ni kwamba maneno huingia kwa urahisi zaidi, na mwili huyafuata. Utumbo na ubongo, alisema, ni kama nyumba mbili zilizoungana ukuta. Huku wakigombana, kule hawalali. Yeye angejaribu kuituliza nyumba moja ili nyingine ipumzike.

Akaeleza pia kwamba alikuwa amewasaidia wanaoogopa sindano, wanaokosa usingizi, wanaotaka kuacha sigara na wajawazito wanaoogopa uchungu. Wengine walipata nafuu kubwa, wengine kidogo, wengine hakuna. Hakutibu saratani. Hakuunga mfupa. Na aliyemwambia kwamba hipnosisi hufanya hayo, basi huyo alikuwa anauza kitu.

Siku hiyo Watiri alilala kitandani, viatu amevua. Ilhan alimwambia awaze yuko kwenye mstari wake wa chai asubuhi, umande bado haujakauka. Awaze mikono inavyokwenda. Ahesabu pumzi. Kisha aweke kiganja juu ya tumbo na ausikie ujoto ukishuka, na awaze kijito cha bondeni kinavyopita kwenye mawe, si kwa kasi ya mvua, si kwa uvivu wa kiangazi, mwendo wake tu. Sauti ya Ilhan haikuwa na ajabu yoyote. Lakini Watiri alipoambiwa afumbue macho alidhani zimepita dakika tano, kumbe ilikuwa karibu nusu saa, na fundo lilikuwa limelegea hivi kwamba alisikia njaa.

Walikwenda tena wiki iliyofuata, na nyingine. Mara ile ya pili Nyawira alitoa lililomleta. Alilisema kwa Kikuyu, kwa heshima, kama mtu anayeomba moto kwa jirani: kwa kuwa mtoto tayari yuko huko chini, si amuulize tu mzee alisema nini?

Ilhan aliweka kalamu chini. "Nikimuuliza atajibu, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Nyawira hakuelewa. Ilhan akamweleza polepole kwamba kichwa cha mtu si kabati lenye nguo zilizokunjwa. Mtu akikumbuka hushona upya, na palipochanika hutia kiraka. Akiwa katika hali ile hushona haraka zaidi, tena vizuri, na kiraka kinafanana na nguo hadi mwenyewe hawezi kukitofautisha. Angeona picha safi kabisa. Angeapa. Na huenda lisiwe limetokea. Kwa hiyo yeye hakuuliza mambo ya namna hiyo, hata polisi waliwahi kumjia akawakatalia.

Nyawira aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mahubiri. Walipotoka nje alimwambia Watiri kwamba yule mwanamke ni mzuri lakini ni mwoga.

Mara ya tatu Ilhan aliirekodi sauti yake kwenye simu ya Watiri, ili awe anaisikiliza nyumbani kila siku na asiwe mtumwa wa kuja Nyeri. Tumbo lilikuwa limepoa zaidi ya nusu. Siku nyingine lilisahau kabisa kuuma.

Jumapili kabla ya kikao, walipotoka kanisani, mvua ilianza. Watiri alilala, akaweka simu karibu na mto, akafumba macho. Sauti ya Ilhan ikampeleka kwenye mstari wa chai. Mikono ikaenda. Pumzi zikajihesabu. Halafu sauti ya Ilhan ikapungua, na nyingine ikaingia, ya chini, iliyomlea.

"Uko shambani," mama yake alisema. "Guka amesimama kando yako. Mkono wake uko kwenye bega lako. Mtazame. Anaelekeza fimbo. Anasema nini?"

Watiri alimsikia. Alijua ni mama, alijua yuko kitandani na mvua inapiga mabati. Angeweza kufumbua macho. Lakini alikuwa amestarehe, na swali lilikuwa limebebwa na sauti aliyoizoea kuitii, na, kusema kweli, naye alitaka kujua. Akamtazama guka. Na guka akaja.

Akaja mzimamzima, na koti lake la kahawia na kofia iliyokatika ukingo. Alisimama akahema kwa mteremko, akaegemeza kiganja juu ya majani ya chai yaliyomfika kiunoni, na kiganja kikalowa umande. Akainua fimbo kuelekea kijito. Watiri aliisikia sauti yake hadi kikohozi cha katikati. Alisema: kuanzia kwenye jiwe hili hadi majini ni ya Muchiri.

Watiri aliyasema kwa mdomo vile alivyoyasikia. Alipofumbua macho, mama yake alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kitambaa kimemteleza kichwani, analia bila sauti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu walipomzika baba. Watiri naye akalia, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amebeba kiatu tu, na sasa alikuwa na guka mzima.

Kufikia Jumatatu mchana kijiji kizima kilijua. Nyawira hakunyamaza hata kituoni walikopimia chai. Aliwaambia wanawake kwamba Mungu amelifungua kabati. Theuri alisikia, akatuma salamu kupitia mkewe kwamba yeye alikuwa hajawahi kuona ushahidi unaopikwa kitandani. Lakini alionekana siku hiyo akizungukazunguka uani kwake kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Jumanne asubuhi Watiri aliamka akiwa mwepesi, akashuka kuchuma mistari ya chini. Mikono ikaenda, akili ikaenda mbali kama kawaida, na huko mbali ikawa inamrudia guka. Akafika kwenye jiwe alilolitaja guka. Akasimama pale alipokuwa amesimama mzee, kwa kuwa tu ilimfurahisha kusimama hapo. Akaweka kiganja juu ya majani yaliyolowa, kama yeye.

Akabaki hivyo hivyo, mkono juu ya majani.

Guka hakuwa na chai. Guka aliishi na kufa mtu wa kahawa. Alisema chai ni magugu ya wazungu na hakutaka hata kuisikia ikitajwa shambani mwake. Hapa, siku ile, palikuwa na mikahawa mizee yenye matawi marefu kuliko mtu. Baba aliing'oa baada ya mazishi, na miche ya chai ilipandwa kwa mvua za Novemba. Hilo Watiri hakuambiwa na mtu. Yeye mwenyewe aliibeba ile miche, mmoja mmoja ndani ya vifuko vya nailoni, kutoka barabarani hadi bondeni, na ni kwa sababu ya kuibeba kwamba hakumaliza muhula wa tatu shuleni, wala hakurudi muhula mwingine wowote. Kitu kimoja ambacho hakuweza kukosea maishani mwake ni mwaka chai ilipoingia katika shamba hili.

Kwa hiyo guka alikuwa ameegemea majani ambayo hayakuwepo.

Tumbo likakaza. Alikaa chini kati ya mistari, kikapu kando, akampigia Ilhan simu. Alimweleza kwa kunong'ona ingawa hapakuwa na mtu. Ilhan akasema pole, na kwamba alipaswa kumwonya zaidi kuhusu kusikiliza ile sauti akiwa na mtu kando. Kuhusu maneno yenyewe hakuweza kumwambia ni ya kweli au la. Hakuna mtu duniani anayeweza. Alichojua ni kwamba picha kuwa safi si dalili ya kuwa kweli. Watiri akauliza kama angeweza kwenda Majengo siku hiyo hiyo, atolewe hiyo picha, abaki na kile kiatu cha zamani. Ilhan akasema hapana, hilo nalo haliwezekani.

Alimngoja mama yake atoke kumkamua ng'ombe. Nyawira alisikiliza yote amesimama, ndoo mkononi. Hakukasirika. Aliiweka ndoo chini, akaifunika.

"Basi chai umejiongezea," alisema. "Maneno ni ya mzee."

"Nitajuaje, Mami?"

"Si kazi yako kujua. Kazi yako ni kusema. Wazee ndio wa kujua."

"Nikisema, watasema ni neno la kufia, hawatalipima."

"Na Theuri, baba mkubwa wako? Yeye alisikia lini? Alikuwa Sagana akipakia mchanga siku hiyo, na kesho atasimama aseme bila kufumba hata jicho moja." Nyawira alimshika bintiye mkono, na mkono wake ulikuwa bado na ujoto wa maziwa. "Hiyo chai nimeipalilia nikiwa na mimba iliyotoka. Baba yako amekufia humo. Sikuombi udanganye. Umemwona au hukumwona?"

"Nimemwona."

"Basi sema umemwona."

Lililomsumbua Watiri ni kwamba mama hakuwa amekosea. Alikuwa amemwona. Hata sasa, akifumba macho, guka alikuwa pale akikohoa, na lililokuwepo kabla yake halikuonekana tena. Alijaribu kukitafuta kile kiatu, ile soli iliyoachana, akakiona kwa mbali, lakini kilikuwa sasa kinakanyaga kati ya mashina ya chai.

Uwanja wa chifu ulikuwa umejaa Jumatano. Wazee saba waliketi kwenye benchi, mbele yao meza ya karani. Mzee Mutahi, ambaye ndiye aliyekuwa rika moja na Ngatia kati ya waliobaki hai, aliomba watu wanyamaze. Theuri alisimama kwanza, akasema aliyoyasema siku zote, bila kufumba jicho kama Nyawira alivyotabiri. Akamalizia kwamba yupo mtoto wake, binti wa ndugu yake, ambaye amelazwa Majengo akaota ndoto, na ukoo sasa umekuja kugawa ardhi kwa ndoto. Watu wakacheka. Nyawira hakugeuka.

"Njoo, kamami," Mutahi alimbembeleza Watiri. "Usiwaogope hawa. Sema ulichosikia kwa guka wako."

Watiri alisimama. Aliangalia kidevu cha mzee, maana macho hakuyaweza, na akasema kwa sauti ambayo ilimlazimu karani kuinama.

"Nimemwona Jumapili, nimefumba macho. Alisema upande wa chini ni wa baba."

Minong'ono ikaanza. Nyawira alishusha pumzi kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Lakini alikuwa ameshika majani ya chai," Watiri akaendelea. "Alipokufa hapakuwa na chai. Mimi ndiye niliyebeba miche. Kwa hiyo sijui alisema nini. Siku ile yenyewe sikusikiliza. Nilikuwa mtoto."

Hakuna aliyecheka. Mutahi aliiegemea fimbo yake. Akauliza mara moja tu, kwa upole, kama kuna mtu aliyemwambia aseme hivyo. Watiri akatikisa kichwa. Akauliza pia kama kuna mtu aliyemwambia aseme lile jingine. Watiri alinyamaza, na mzee akaliacha swali hilo lipite, kwa sababu alikuwa mtu mzima.

Wazee walikwenda kando chini ya ukuta wa ofisi. Waliporudi walisema hakuna neno la kufia lililopatikana, kwa Theuri wala kwa Nyawira, na kwa hiyo shamba litagawanywa kama mababu walivyogawa pasipokuwa na neno: vipande viwili virefu kutoka barabarani hadi majini, ili kila nyumba ipate njia na kila nyumba ipate maji. Karani aliandika. Kila mtu aliyeijua ile miteremko alifanya hesabu kichwani kwa haraka. Mpaka kati yake ungepita kwenye chai, na sehemu kubwa ya chai ilikuwa imeelekea upande wa Theuri.

Nyawira alitembea mbele hadi nyumbani. Hakumgombeza. Alipika, akampakulia, akala akiwa ameelekea ukuta.

Kamba iliwekwa Alhamisi asubuhi. Mutahi alikuja na wazee wawili, kamba ya katani, na miche ya itoka ndani ya gunia, yale maua ya mpakani ambayo yakishapandwa hakuna anayeyang'oa. Kipande cha juu kilikwenda haraka. Walipofika kwenye chai, mzee aliyekuwa akishika ncha ya chini alisema magoti yake hayawezi kuteremka zaidi, akauliza nani atashuka nayo hadi kijitoni. Mke wa Theuri akajitolea. Nyawira akasema afadhali aishike fisi. Wakaanza kurushiana maneno. Theuri, ambaye tangu jana alikuwa na uchangamfu wa mtu aliyeshinda asichotarajia, aliwakatiza.

"Mpeni Watiri," alisema. "Huyo hata mama yake hawezi kumfanya aisogeze."

Alilisema kama mzaha, na wazee wakatabasamu kidogo. Kisha wakampa.

Watiri alishuka na kamba kati ya mistari, ikimfuata kama nyoka. Chini, alizamisha miguu kwenye tope la ukingo, akaikunja ncha mara mbili mkononi. Kutoka pale aliona wote wamesimama juu: Mutahi na gunia, baba mkubwa ameshika kiuno, mama yake akiwa kando ya jiwe. Hatua moja kushoto, na mistari mitatu ya chai ingerudi nyumbani. Hakuna aliyekuwa karibu kiasi cha kuona. Mama yake alikuwa anamtazama, na Watiri alijua kwamba anaihesabu hatua hiyo hiyo.

Tumbo lilimuuma sana. Hakusogea.

Nyawira aliondoka kando ya jiwe. Halafu akateremka, polepole, akipita katikati ya chai ambayo tayari haikuwa yake, akafika nyuma ya bintiye, akaishika kamba pamoja naye, mikono yake juu ya mikono ya Watiri.

"Vuta," alisema. "Ikilegea itatuibia zaidi."

Wakavuta.